Mgongo wa Mtani

Garimoshi lilikuwa limeshaiacha Manyoni nyuma ndipo Mzee Mgalula alipogundua kwamba ameketi vibaya. Alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, ameacha nafasi ya mtoto kati ya mgongo wake na kiti. Mtoto hakuwapo. Akajiegemeza. Mgongo ukaona baridi, akainama tena.

"Baba, mgongo unakuuma?" aliuliza mama mmoja aliyeketi mkabala naye, ndoo ya asali katikati ya miguu.

"Hauumi, mama. Ndicho kinachonishangaza."

Mama yule akamtazama kidogo, kisha akaona bora aangalie dirishani.

Watu waliendelea kuliita garimoshi ingawa moshi wenyewe hata babu zao hawakuuona. Lilikwenda kwa jua, na jua likigoma, nalo linagoma. Nyuma kabisa, juu ya vichaka, Ngazi ilikuwa bado inaonekana: uzi mweusi uliochomoza ardhini ukapanda, ukapanda, mpaka jicho likachoka likauacha uende zake. Huko juu kulikuwa na vituo, na vituoni watu wakiunga sahani za kuvunia jua. Mmoja wa watu hao, Mwantumu binti Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa njiani kushuka kumfuata mwanawe Pazi. Ndiyo sababu Mgalula alikuwa garini. Kanuni ya Ngazi ilisema mama hakanyagi chini mpaka mbebaji wa mtoto awe ameshaondoka.

Mgalula ni jina la Kinyamwezi la mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu, na mwenye jina alilitendea haki. Miguu ilimtangulia machimboni Kahama, ikamtangulia Mpanda, ikamfikisha hata Lubumbashi, ambako fundi viatu mmoja alimfundisha kusoma, naye akaondoka kabla hawajafika kwenye kuandika. Kuondoka ilikuwa kazi aliyoijua. Hakuwa mtu wa kuangalia nyuma. Leo shingo ilikuwa haimsikii.

Kazi ya Manyoni aliipata kwa sababu ya ndevu. Mtoto mchanga hapandi Ngazi. Kule juu ambako kitu hakina uzito, mifupa yake ingekua laini kama uyoga. Basi mama anapanda, mtoto anabaki, na pamoja na mtoto inabaki mbeleko. Haikuwa kitambaa hivi hivi. Mama aliivaa mwilini miezi mingi kabla ya kupanda, nayo ikamsoma: joto lake, harufu ya jasho lake, mapigo ya moyo wake, hata nyonga zake zinavyoyumba akitembea. Akishakwenda, mtu mwingine anajifunga mbeleko, anamweka mtoto mgongoni, na mtoto anamsikia mama.

Mtu mwingine huyo asiwe mtu. Ndivyo wataalamu walivyotaka. Moyo wa mtoto una kiti kimoja, walisema, na anayekikalia mapema ndiye mwenyewe; sasa mbebaji asije akakikalia. Wakachagua wazee wanaume, wenye ndevu, wasionuka maziwa. Wakawapaka mafuta ya kuua harufu. Wakawakataza kuimba, wakawakataza kubembeleza, wakawakataza kumwambia mtoto neno lolote la mapenzi.

Mgalula alizishika kanuni zote. Hakumwimbia Pazi. Hakumbembeleza. Alimtukana.

Angefanyaje? Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa bara walipofika pwani wamevunjika mabega, wakawakuta Wazaramo wamelala kwenye kivuli cha minazi. Au ndivyo Wanyamwezi wanavyosimulia. Mtani hapitwi kimya. "Amka, wewe kifuu cha nazi," alimwambia asubuhi ya kwanza, na mtoto akafumbua macho. "Babu zangu walibeba pembe za ndovu, wakalipwa nguo. Mimi nabeba Mzaramo, nalipwa mkojo." Kila alipomlisha uji alimwambia anakula kama anayejiandaa kwenda ngomani. Alipoota jino alimwambia sasa ataweza kutafuna uvivu. Siku mtoto alipocheka mara ya kwanza, Mgalula alikuwa anamweleza kwamba kichwa chake kinafaa kukunia nazi.

Hakuona kosa. Matusi si mapenzi.

Sasa garini akajaribu kulisema tena lile la kifuu, kwa sauti ndogo, aone kama bado lina ladha. Mama wa asali akaivuta ndoo yake karibu.

*

Walipofika Itigi mawingu yakafunga, na garimoshi likasimama kungoja jua. Kesho yake lilikuwa bado limesimama. Abiria wameshapanga mafiga kando ya reli, watu wanakaanga karanga, ndipo kiberenge cha betri kilipotokea relini upande wa Manyoni kwa kasi. Akateremka Daktari Tusekile, binti wa Tukuyu aliyewasimamia wabebaji. Alikuwa amevaa viatu visivyofanana.

"Shikamoo, Mzee Mgalula."

"Marahaba, Daktari. Nimeondoka na sabuni yenu?"

"Pazi hataki kula."

Mgalula akaweka chini karanga zake.

"Analia?"

"Halii. Angelia ningepata usingizi."

"Na mama yake?"

"Ameshuka salama. Tumemfunga Pazi mgongoni kwake, mbeleko ileile. Anakaa kama abiria."

Mgalula akawatazama abiria, ambao walikuwa wakigombania chumvi. Akataka kusema abiria wanakula. Alipanda kiberenge bila kuulizwa, kisha akashuka, kisha akapanda tena.

"Kanuni inasema nisionekane," alisema.

"Kanuni niliiandika mimi," alisema Daktari Tusekile. "Keti."

Njiani Daktari alisema, kama anayejibu mtu ambaye hayupo, kwamba nadharia ya kiti kimoja haikuwa mbaya. Mgalula akaitikia kwamba nadharia nyingi si mbaya. Hakujua alikuwa na maana gani.

*

Kituoni walimsimamisha nyuma ya kioo ambacho mtu wa ndani haoni nje. Ndani kulikuwa na mkeka, vikombe vya rangi, mpira, na Pazi ameketi katikati na kaptura ya bluu. Mgalula akashika fremu ya kioo.

"Kuna mchezo tunawachezesha," alisema Daktari Tusekile. "Mama anakuwa na mtoto. Anatoka. Anarudi. Watu hudhani tunatazama kilio anapotoka. La, tunatazama anaporudi. Mtoto mwenye imani naye anamkimbilia, analalamika kidogo, ananyamaza, anarudi kwenye mpira. Mwingine anamng'ang'ania na huku anampiga. Mwingine anajifanya hakumwona, na moyo ndani unakimbia. Wote hao wana mtu wao. Wanatofautiana tu wanavyomtegemea. Sasa tazama."

Mlango ukafunguka. Mwanamke mrefu akaingia kwa magongo mawili, maana miguu ya watu walioshuka huwa imesahau uzito. Mbeleko ilikuwa begani mwake. Akaita, "Pazi, baba." Mtoto akaanza kutambaa kumwendea. Katikati ya mkeka akasita. Akageuza uso, akatazama mlango, akatazama mbeleko, akainua mkono mmoja ukabaki hewani. Akakaa hivyo hivyo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Anafanya nini?" aliuliza Mgalula.

"Sijui."

"Wewe ndiye daktari."

"Ndiyo maana nakwambia sijui. Asiyekuwa daktari angekupa jibu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nimesikiliza sauti zote za chumba chenu. Mashine yetu iliagizwa itafute maneno matamu. Haikupata hata moja. Ulihesabiwa mbebaji bora kuliko wote, unajua? Tulidhani humpendi."

"Mlisema nisimpende."

"Tulisema. Na wewe ukawa unamtukana kutwa."

"Mama yake ni Mzaramo, Daktari! Nimwache?"

Daktari Tusekile akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Kwetu Tukuyu nasi tuna watani. Na sikuwaza. Nilikaa na ile mashine, nikayasikia, nikawaza, mzee huyu ana mdomo mchafu, basi." Akamweleza shida yenyewe. Moyo ulio ndani ya mbeleko ulikuwa moyo wa Mwantumu wa zamani. Kule juu moyo hufanya kazi kidogo, hunywea. Aliyeshuka alikuwa na mapigo mengine, na hata jasho lake lilinuka vingine. Mtoto anasikia mama kwenye nguo, anaona mama mwingine ndani ya nguo, na sauti aliyoizoea haitoki kwa yeyote kati yao.

"Nina njia moja ya haraka," alisema. "Tunayo sauti yako. Naweza kuiweka ndani ya mbeleko, imtukane mtoto mgongoni kwa mama yake. Atakula leo hii. Lakini sauti ni yako, usipokubali siigusi."

"Na mimi?"

"Utakwenda Tabora. Ukibaki, kiti kinakuwa chako, na Mwantumu hana tena mtoto. Ndivyo nadharia inavyosema."

"Nikienda bila kuacha sauti?"

"Watoto wengine huomboleza, yakaisha. Wengine hunyamaza, na ukimya unakua nao." Alitazama viatu vyake, kama ndiyo kwanza anaviona. "Siwezi kukwambia Pazi ni yupi."

Mgalula alihisi kichwa kimejaa vumbi. Akiacha sauti, mtoto atakuwa anamcheka mtu ambaye hayupo. Akibaki, anamwibia mama. Akiondoka kimya, huenda anamzika mtoto mzima. Hakuna alilofanya kwa ubaya, na kila mlango ulikuwa na mtu amelala mbele yake.

"Nipe nafasi nikapumue," alisema.

*

Alimkuta Mwantumu barazani, ameketi sakafuni, magongo pembeni. Pazi alikuwa mkekani umbali wa hatua chache, amewapa wote mgongo, bakuli la uji limepoa mbele yake. Mwantumu hakumwamkia.

"Ni wewe?" alisema.

"Ni mimi."

"Umemfanya nini mwanangu?"

Mgalula akavua viatu, kwa sababu aliona mkeka, na kwa sababu hakujua afanye nini na mikono. Akabaki ameshika kofia.

"Nimemtukana."

"Nini?"

"Nilikatazwa maneno mazuri. Nikamtukana. Kutwa."

Mwantumu akamtazama kuanzia ndevu mpaka nyayo. Alikuwa na uso uliovimba kidogo, kama wa mtu aliyelala kifudifudi.

"Kule juu," alisema polepole, "ukilia machozi hayadondoki. Yanabaki jichoni, yanatanda usoni kama utando, mpaka uyafute mwenyewe. Nimelia hivyo nikijiambia, mwanangu ananisikia. Moyo wangu uko naye. Nashuka, ananiwekea sikio kifuani, halafu ananitazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. Wewe unaniambia matusi. Matusi gani?"

"Si ya kusema mbele ya mama."

"Sema."

"Nilimwita kifuu cha nazi."

Mwantumu akaashiria kwa mkono aendelee.

"Na mzigo usiolipiwa. Nikamwambia ukoo wenu mzima haujawahi kuona alfajiri isipokuwa mnapotoka ngomani."

Pale mkekani, kichwa cha Pazi kiligeuka. Kiligeuka taratibu, kama cha kobe.

Mwantumu hakukiona, alikuwa amekunja uso. "Wewe ni kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Mnyamwezi!" Akashika kichwa. "Nimemwachia mwanangu Mnyamwezi! Mpagazi! Watu waliobeba mizigo mpaka shingo zikaingia mabegani! Ndiyo maana mtoto hali, ameshanusa sugu!"

"Sugu ya kazi, binti. Ninyi sugu zenu ziko makalioni."

"Mzee mzima, ndevu kama ufagio wa choo, hujui hata kumlisha mtoto!"

"Mzaramo halishwi. Anaonyeshwa ngoma, anajilisha mwenyewe."

Hapo Pazi alitoa sauti. Haikuwa kicheko wala kilio, ilikuwa kama mlango wenye kutu. Wote wawili wakanyamaza. Mtoto akawatazama, akaona wamenyamaza, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Endelea," alinong'ona Mwantumu.

"Zamu yako, mla nazi."

Wakaendelea. Mwantumu akamtukania uyoga wa kwao, akamtukania asali, akamtukania na reli. Mgalula akajibu. Pazi alitambaa, akafika katikati yao, akasimama kwa magoti. Akamtazama mzee. Akamtazama mama. Akanyoosha mkono kwa mmoja, akaurudisha, akanyoosha kwa mwingine, na midomo ikaanza kutetemeka. Mgalula akaogopa. Akajiwazia, nakikalia, hapa hapa nakikalia kiti cha watu. Akageuka kuondoka.

Ndipo Pazi alipolia. Alilia kwa kinywa chote, kamasi na machozi, kilio cha siku zote zile kimekusanyika. Daktari Tusekile akatoka mbio na kiatu kimoja.

"Analia!" alipiga kelele kama mtu aliyeona mvua. "Analia! Anamlilia nani?"

Hakuna aliyejua. Mwantumu alimvuta mtoto mapajani, na mtoto akajinyonganyonga, akamng'ang'ania shingoni, akamsukuma, akamng'ang'ania tena, macho yakiwa kwa mzee.

"Chukueni sauti," alisema Mgalula. "Iwekeni kwenye hiyo nguo. Mimi mawingu yakiachia nitakuwa Tabora."

Akainama kuchukua viatu vyake. Havikuwapo. Mwantumu alikuwa amevikalia.

"Nimekamata," alisema.

"Binti."

"Binti wa nani? Mtani nimekamata. Mtani akikamata, unakomboa. Au kwenu mmeshasahau?"

Mgalula alijua sheria hiyo tangu utotoni. Alishaona mtani akikalia jeneza mpaka alipwe, na wafiwa wakalipa, na hakuna aliyekasirika. Kitu kilichokamatwa na mtani hakichukuliwi kwa nguvu.

"Unataka nini?"

"Mgongo. Utambeba mpaka siku atakayokupita wewe aje kwangu mwenyewe. Na utanitukana mbele yake, nami nitakutukana, ajue tunajuana."

"Mwantumu," alisema Daktari Tusekile, "mkataba wake umekwisha. Na akibaki, huenda Pazi asije kwako kabisa. Lazima nikwambie."

"Mkataba ni wenu na yeye. Utani ni wetu." Alikuwa anahema kwa uzito wa mtoto, mikono yake ilikuwa haijazoea kitu chenye uzito. "Asipokuja, nitalia. Sasa hivi machozi yangu yanadondoka, si haba."

"Na mbeleko?"

Mwantumu akaivua begani, ikiwa bado inadunda, akamtupia Daktari. "Nguo hiyo imeshabeba watu wa kutosha. Nitafutieni kanga."

Mgalula akasimama pekupeku barazani. Alitaka kusema hapana, na hakujua hapana kwa lipi. Alitaka kusema asante, na hilo nalo hakujua kwa lipi. Akageuka, akachuchumaa, akawapa mgongo.

"Haya, mzigo," alisema. "Panda. Unangoja ngoma?"

*

Pazi alikula jioni ile, nusu bakuli.

Mgalula alikaa Manyoni mpaka mvua zikaisha. Siku moja Pazi, ambaye alikuwa ameanza kutembea, alianguka karibu na tangi la maji akachubuka goti. Aliinuka, akampita Mgalula aliyekuwa amenyoosha mikono, akaenda kwa mama yake. Mwantumu alivirudisha viatu wiki hiyo. Mzee alipopanda garimoshi Pazi alilia asubuhi nzima, mchana akala.

Mwantumu hakupanda Ngazi tena. Moyo wake haukurudi kuwa kama wa kwanza, lakini ulimtosha. Alifungua duka la nyaya Kisarawe.

Daktari Tusekile aliiacha nadharia ya kiti kimoja. Akashika nyingine, ya mkeka unaokaliwa na wengi, ambayo nayo aliiacha baadaye. Wabebaji wa Ngazi wakaruhusiwa kusema na watoto. Anafundisha Mbeya.

Mgalula aliishi Tabora kidogo, Kaliua kidogo, akafia Urambo. Mwantumu alisafiri kwenda msibani. Aliyalalia matandiko ya marehemu akakataa kuondoka mpaka alipwe, wakampa jogoo.

Pazi ni fundi wa viberenge. Hamkumbuki mzee yeyote. Mtu akimtukana anacheka kwanza, na jambo hilo limemletea ugomvi mara kadhaa.

Mbeleko ilitolewa stoo na mlinzi mmoja aliyekuwa na kuku. Iliangua vifaranga vizuri kuliko kuku wake, na vifaranga vile vilifuata kitambaa popote kilipoanikwa. Mara ya mwisho ilipoonekana ilikuwa bado inadunda, moyo wa Mwantumu wa kabla ya kupanda.